Fiziotherapia: Tiba Inayorejesha Mwendo Baada ya Mfupa Kupona

Fiziotherapia ni taaluma ya afya inayotumia mazoezi maalumu, mikono ya mtaalamu na vifaa tiba kurejesha uwezo wa mwili kujongea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 2.4 wanaishi na hali zinazohitaji huduma za utengamao, ambazo fiziotherapia ni nguzo yake mojawapo.

Mkoani Pwani umuhimu wake hauhitaji kutafutwa mbali. Barabara Kuu ya Morogoro inapita Kibaha, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Tumbi, imepokea majeruhi wa ajali za barabarani kwa miaka mingi. Upasuaji ukikamilika na mfupa ukaunga, wengi hudhani tiba imekwisha. Goti lililokaa ndani ya plasta kwa wiki kadhaa hukakamaa, na misuli ya paja husinyaa. Majeruhi anayerejea kijijini Kisarawe bila kufundishwa mazoezi aweza kuwa na mfupa uliopona na mguu usiokunjika. Kwa mkulima anayechuchumaa kupalilia mihogo, huo ni ulemavu, hata kama picha ya eksirei inaonesha kuwa yote ni shwari.

Nauli ya kurudi kliniki kila wiki nayo ni mzigo. Kwa sababu hiyo mtaalamu humfundisha pia ndugu anayemuuguza mgonjwa, kwa kuwa mazoezi mengi hufanyika nyumbani, juu ya mkeka au kiti cha kawaida. Aliyepatwa na kiharusi huhitaji kugeuzwa, kuketishwa na kusimamishwa mapema, mara daktari anaporidhia. Kumwacha amelala "apumzike" ni huruma inayomdhuru.

Kwa watoto wachanga wenye nyayo zilizopinda, plasta hubadilishwa kila wiki, kisha mtoto huvaa viatu maalumu, hasa usiku, hadi umri wa takribani miaka minne. Wazazi wanaoviacha mapema huona nyayo zikipinda upya.

Wasio wagonjwa nao wanahusika: mtu mzima anashauriwa kuushughulisha mwili kwa kiasi cha wastani walau dakika 150 kwa wiki, na kutembea kwa haraka au kulima huhesabika.

Siku ya Fiziotherapia Duniani huadhimishwa kila Septemba 8. Mgonjwa anayeruhusiwa kutoka wodini baada ya kuvunjika au kupata kiharusi ana haki ya kuuliza, kabla hajaondoka, afanye mazoezi gani, mara ngapi kwa siku, na arudi lini.