James Siang'a: Mlinda lango aliyegeuka kocha, na funzo lake kwa Meru na Embu

Kaunti za Meru na Embu zina viwanja viwili ambavyo taifa zima limewahi kuvielekezea macho. Uwanja wa Kinoru, mjini Meru, ulikuwa mwenyeji wa sherehe za kitaifa za Madaraka mwaka 2018, na uwanja wa Moi, mjini Embu, ukapata heshima hiyo hiyo mwaka 2023.

Kinoru ulikuwa pia miongoni mwa viwanja vinne vilivyoteuliwa kwa fainali za CHAN za mwaka 2018, kabla ya Shirikisho la Soka Barani Afrika (CAF) kuipokonya Kenya mashindano hayo Septemba 2017 na hatimaye kuyapeleka Morocco.

Uwanja huweza kukarabatiwa kwa muda mfupi fedha zikipatikana. Mwalimu wa soka hapatikani kwa urahisi huo, na mwalimu anayemwelewa mlinda lango ni adimu zaidi. Kwa kijana wa Meru au Embu anayesimama langoni leo na kujiuliza kazi hiyo itamfikisha wapi, maisha ya marehemu James Aggrey Siang'a yanastahili kusimuliwa.

Siang'a, aliyefariki dunia Septemba 2016, alidaka katika klabu ya Gor Mahia na timu ya taifa, Harambee Stars. Baada ya kutundika glavu, aligeukia ukufunzi na kufanya kazi katika zaidi ya nchi moja ya Afrika Mashariki. Hata hivyo, ushindi unaokumbukwa zaidi katika ukufunzi wake aliupata nje ya Kenya, akiwa na Simba ya Dar es Salaam.

Kikosi cha mwaka 1972

Siang'a alikuwa mmoja wa wanasoka waliobeba jina la Kenya nchini Cameroon mwaka 1972, wakati Harambee Stars iliposhiriki fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Nahodha wa kikosi hicho alikuwa Jonathan Niva.

Kenya ilipangwa pamoja na wenyeji Cameroon, Mali na Togo. Ilifungwa 2-1 na Cameroon katika mechi ya ufunguzi, kisha ikatoka sare ya 1-1 na Mali na sare nyingine kama hiyo na Togo. Mali iliendelea hadi fainali, ikashindwa 3-2 na Congo.

Kwa hivyo kizazi hicho kilirejea nyumbani bila ushindi, lakini pia bila kudhalilishwa. Katika mechi tatu kilifungwa mabao manne pekee. Kenya ilisubiri hadi mwaka 2004, nchini Tunisia, ndipo ikapata ushindi wake wa kwanza katika fainali hizo kwa kuilaza Burkina Faso 3-0 chini ya kocha Jacob 'Ghost' Mulee.

Kazi ya mtu wa mwisho

Lango la soka lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, na penalti hupigwa kutoka mita 11. Mshambuliaji akipoteza nafasi tano na kufunga ya sita, hubebwa juu juu. Mlinda lango akiokoa mikwaju mitano na kuteleza mara moja, kosa hilo ndilo huzungumzwa wiki nzima.

Lakini kuna faida inayotokana na mahali anaposimama. Yeye peke yake huuona mchezo wote ukiwa mbele yake: beki aliyechelewa kurudi, kiungo aliyechoka, pengo lililofunguka upande wa kushoto. Kipa mzuri hujifunza kusoma hatari kabla haijafika na kuwapanga wenzake kwa sauti. Kazi hiyo haiko mbali na ya kocha.

Katika enzi ya Siang'a, kipa aliruhusiwa kuudaka kwa mikono mpira aliorudishiwa na mwenzake kwa mguu. Sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 1992, na tangu hapo mlinda lango hulazimika kuwa hodari wa miguu pia. Mwaka 2025 sheria ikaongezwa makali: kipa anayeushikilia mpira kwa zaidi ya sekunde nane huwapa wapinzani kona. Kijana anayefunzwa leo ana mengi ya kujifunza kuliko waliomtangulia.

Usiku wa Cairo

Mwaka 2003 Siang'a alikuwa kocha wa Simba katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Timu hiyo iliiondoa Santos ya Afrika Kusini kwa njia ya penalti, kisha ikakutana na Zamalek ya Misri, waliokuwa mabingwa watetezi baada ya kulitwaa taji hilo mwaka 2002.

Wengi hawakuipa Simba nafasi. Vilabu vya Misri vilikuwa na fedha, wachezaji wa kulipwa na uzoefu mkubwa wa mashindano ya bara. Simba ilishinda mechi ya kwanza jijini Dar es Salaam 1-0 kwa bao la Emmanuel Gabriel. Katika marudiano jijini Cairo, Agosti 2003, Zamalek nayo ikashinda 1-0, na mshindi ikabidi aamuliwe kwa matuta.

Hapo ndipo kazi ilipomwangukia mlinda lango. Juma Kaseja, kipa kijana wa Simba, alizuia mikwaju ya Wamisri mbele ya mashabiki wao, na marehemu Christopher Alex akafunga mkwaju wa mwisho. Simba ilishinda matuta hayo 3-2 na kuwavua ubingwa Zamalek nyumbani kwao.

Ni rahisi kuyaita matuta bahati nasibu. Takwimu za mechi zenyewe zinasema jambo zaidi: katika dakika 180 dhidi ya mabingwa wa Afrika, Simba iliruhusu bao moja tu. Timu haifiki kwenye matuta Cairo isipokuwa imejua kujilinda kwanza, na aliyekuwa akiiongoza alikuwa mtu aliyetumia ujana wake akilinda lango.

Kwa ushindi huo Simba iliingia katika hatua ya makundi pamoja na Enyimba ya Nigeria, Ismaily ya Misri na ASEC Mimosas ya Ivory Coast. Enyimba na Ismaily ndizo zilizokutana baadaye katika fainali, na Enyimba ikatawazwa. Simba haikurejea katika hatua hiyo ya makundi hadi msimu wa 2018/19, miaka 15 baadaye.

Kaseja naye aliendelea kuwa kipa wa Simba na wa timu ya taifa ya Tanzania kwa miaka mingi, kisha akaingia katika kazi ya kuwanoa makipa.

Nabii na nyumbani kwao

Siang'a aliwahi pia kuinoa timu ya taifa ya Tanzania, Taifa Stars. Nyumbani Kenya alikabidhiwa Gor Mahia na Harambee Stars kwa vipindi tofauti, lakini hakupata matunda kama yale ya Simba.

Hali hiyo haikumhusu yeye pekee. Kiti cha kocha wa Harambee Stars kimekuwa cha moto kwa miaka mingi. Mwaka 2006 alikalia Mfaransa Bernard Lama, naye pia mlinda lango wa zamani, aliyekuwa katika kikosi cha Ufaransa kilichotwaa Kombe la Dunia mwaka 1998. Hakudumu zaidi ya miezi michache. Mulee, aliyeleta ushindi wa mwaka 2004, ameajiriwa na kuachana na timu hiyo zaidi ya mara moja, mara ya mwisho ikiwa Septemba 2021.

Mfano wa Dino Zoff wa Italia unaonyesha kinachowezekana kocha akipewa muda. Zoff alitwaa Kombe la Dunia mwaka 1982 akiwa kipa na nahodha mwenye umri wa miaka 40. Akiwa kocha, aliipa Juventus Kombe la UEFA mwaka 1990, kisha akaifikisha Italia katika fainali ya Kombe la Ulaya mwaka 2000. Ni miaka 18 kutoka ushindi mmoja mkuu hadi fainali nyingine, na katikati yake kulikuwa na kujifunza kwingi.

Kinachohitajika mashinani

Siku hizi uzoefu wa uwanjani pekee hautoshi. CAF hutoa leseni za ukufunzi kwa ngazi, kuanzia D na C hadi B, A na ile ya juu kabisa ya Pro, na kocha mkuu anayetaka kukaa kwenye benchi katika mashindano ya vilabu barani hutakiwa kuwa na leseni ya ngazi za juu. Zipo pia kozi maalumu za makocha wa makipa. Safari hiyo huchukua miaka na huhitaji fedha, na kwa mchezaji aliyestaafu bila akiba huwa ndefu zaidi.

Hapa ndipo kaunti kama Meru na Embu zinaweza kuchagua. Septemba 2023 CAF ilizipa Kenya, Uganda na Tanzania haki ya kuandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na mjadala mkubwa tangu wakati huo umekuwa wa viwanja, viti na taa. Kumlipia karo ya leseni kipa mstaafu anayefunza watoto kijijini hugharimu sehemu ndogo sana ya saruji inayomwagwa uwanjani, lakini bajeti za michezo huwa nadra kumkumbuka.

Siang'a alizikwa nchini mwake, huku mashabiki wa Simba ng'ambo ya mpaka wakimwomboleza kama mtu wao. Kinoru na uwanja wa Moi vina nyasi na majukwaa. Makipa chipukizi wanaofanya mazoezi katika kaunti hizo mbili wanahitaji pia mtu wa kuwasimamia nyuma ya nyavu, anayejua kutokana na maisha yake mwenyewe nini hutokea mpira unapowekwa kwenye alama ya mita 11.