Phineas Gage na Nusu ya Pili ya Kisa Chake

Jina la Phineas Gage hutajwa sana katika elimu ya ubongo, lakini mara nyingi kisa chake husimuliwa nusu. Katika insha hii nitaeleza nusu zote mbili, kwa sababu ile ya pili imenisaidia kumwelewa mjomba wangu.

Tarehe 13 Septemba 1848, Gage, kijana wa miaka 25, alikuwa msimamizi wa wafanyakazi waliopasua miamba ili kupitisha reli karibu na Cavendish, katika jimbo la Vermont, Marekani. Alipokuwa akishindilia baruti shimoni, ililipuka. Mtaimbo wenye urefu wa zaidi ya mita 1 na uzito wa kilo 6 hivi ulimwingia chini ya mfupa wa shavu la kushoto, ukatokea juu ya fuvu. Baada ya dakika chache alizungumza, akapelekwa mjini akiwa ameketi kwenye gari la ng'ombe. Daktari John Martyn Harlow alimtibu.

Jeraha lilipona, lakini tabia ilibadilika. Mwaka 1868 Harlow aliandika kwamba mtu aliyekuwa na busara na mipango mizuri aligeuka mkaidi, mwenye matusi, asiyedumu katika shauri lolote. Waajiri hawakumrudishia usimamizi. Kupitia kisa hiki wataalamu walianza kuhusisha sehemu ya mbele ya ubongo na tabia na maamuzi. Wasimulizi wengi hukomea hapo.

Hata hivyo, mwaka 1852 Gage alikwenda Chile, akaendesha magari ya abiria yaliyokokotwa na farasi kwa miaka ipatayo 7. Mtu asiyeweza kabisa kujitawala angewezaje kuongoza farasi kadhaa na kuwahudumia abiria katika nchi ya ugenini? Mtafiti Malcolm Macmillan ameeleza kwamba huenda utaratibu wa kazi ile ulimsaidia kujifunza upya kuishi na watu. Leo tunajua kwamba sehemu za ubongo zilizosalia baada ya jeraha huweza kujenga miunganisho mipya, hasa kwa mazoezi ya mara kwa mara. Kupona kwa Gage hakukuwa kamili: alifariki San Francisco mwaka 1860, baada ya kuandamwa na kifafa.

Nyumbani kwetu Uganda, mjomba alianguka na bodaboda, akaumia kichwa. Aliporudi kutoka hospitalini alikasirika ovyo na kusahau majina yetu. Tulisema huyu si yule tena, tukamnyima hata kazi ya kuchunga mbuzi. Mimi pia nilisema hivyo. Bibi peke yake ndiye aliyemwamsha kila alfajiri wakakamue ng'ombe pamoja, akimsahihisha bila kumgombeza.

Ilichukua miaka miwili. Mjomba bado hukasirika haraka, na sidhani kama atakuwa kama zamani. Lakini maziwa ya nyumbani anayapima na kuyauza yeye, na hesabu yake haina kasoro.