GSM

GSM ni kiwango cha simu za mkononi za kizazi cha pili, kilichoanza kuandaliwa Ulaya mwaka 1982. Nchi 13 zilitia saini makubaliano ya kukitumia tarehe 7 Septemba 1987 mjini Copenhagen, baada ya Ufaransa na Ujerumani Magharibi kuacha msimamo wao wa kutaka mfumo wa masafa mapana.

Umbali. Kila chaneli ya kilohezi 200 hugawanywa katika vipindi 8 vya muda. Kwa kuwa mawimbi ya simu iliyo mbali huchelewa kufika, mnara huiagiza itume mapema, kwa hatua zisizozidi 63 za takriban mita 550 kila moja. Hivyo hata kwenye tambarare za Shinyanga, ambako mawimbi hupata njia nyeupe, mnara wa kawaida wa GSM hauhudumii simu iliyo zaidi ya kilomita 35. Kuunganisha vipindi viwili huongeza umbali, lakini hupunguza idadi ya wanaoweza kuzungumza kwa wakati mmoja.

Ujumbe. SMS hubebwa na njia ya ishara za mtandao yenye nafasi ya baiti 140: herufi 160 za Kilatini, au 70 tu za Kiarabu.

Fedha. Menyu za USSD, kama *150*00# ya M-Pesa ya Vodacom Tanzania, hupita kwenye njia za ishara pia. Ndiyo maana mchimbaji mdogo wa Geita hutuma pesa kwa kitochi, bila intaneti.