Karatasi ya Makka na Kitambulisho cha Kwale



Wiki iliyopita, baada ya darsa ya Maghrib hapa Mbezi Beach, kijana mmoja alinisubiri mpaka watu wakaisha. Mama yake ni muuza samaki, kila alfajiri yuko Kunduchi akingoja vyombo virudi. Wazazi wa mama huyo walikuwa Wapemba, wavuvi waliovuka kwenda pwani ya Kenya, na yeye akazaliwa huko upande wa Kwale. Aliletwa Dar es Salaam akiwa na miaka 9. Leo amepita miaka 50 na hana kitambulisho cha taifa. Huku aliambiwa: umezaliwa Kenya, nenda Kenya. Alipokwenda kule akaambiwa: baba yako Mpemba, rudi kwenu. Hata laini ya simu anayopokelea pesa za samaki imesajiliwa kwa jina la mwanawe.

Kijana akaniuliza, "Sheikh, tukidai tunakosea? Maana wapo wanaosema sheria ya nchi haipingwi, na anayeipinga anatafuta fitna."

Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi, kwa sababu jibu lake ni refu na ndani yake mna historia ambayo wengi wetu hatukufundishwa. Kaa vizuri, usome mpaka mwisho.

Tuanzie Makka. Mwaka wa 7 wa Utume, Makureshi walikaa wakaandika karatasi. Haikuwa ugomvi wa mtaani, ilikuwa sheria kwa maana yote ya sheria: imeandikwa, imekubaliwa na wakubwa wa koo, ikatundikwa ndani ya Al-Kaaba. Ilisema ukoo wa Bani Hashim na Bani Muttalib wasiozwe na wasiolewe, wasiuziwe wala kununuliwa kitu, mpaka wamtoe Mtume (S.A.W.). Watu wale walikuwa wenyeji wa mji, watoto wa Makka baba na babu. Karatasi moja ikawafanya wageni kwao. Wakajibana katika bonde la Abu Talib miaka miwili au mitatu, mpaka kilio cha watoto wenye njaa kikasikika nje ya bonde.

Sasa nataka utazame karatasi ile iliondokaje. Wengi tunakumbuka mchwa tu. Tunasahau kwamba kabla ya mchwa kuonekana kulikuwa na mtu anayetembea usiku. Aliitwa Hisham bin Amr. Hakuwa Bani Hashim, na wakati ule hakuwa hata Muislamu. Alikuwa akipakia ngamia chakula, anamfikisha mdomoni mwa bonde, anamvua hatamu na kumpiga ubavuni aingie mwenyewe. Akaona chakula peke yake hakitoshi, kwa sababu kesho njaa iko palepale na karatasi iko palepale. Akamwendea Zuhayr bin Abi Umayya, ambaye mama yake alikuwa binti wa Abdul-Muttalib, akamuuliza vipi anakula na kuvaa hali wajomba zake wako vile. Zuhayr akasema yeye ni mtu mmoja, angempata wa pili angesimama. Hisham akamwambia wa pili ni mimi. Zuhayr akasema basi tutafutie wa tatu. Akaenda kwa Mut'im bin Adiy, naye akasema maneno yaleyale. Akapatikana Abul-Bakhtari, kisha Zam'a bin Al-Aswad. Watano. Wakakutana usiku pale Hajun, wakapangana nani aseme kwanza, na asubuhi Zuhayr akatufu, kisha akasimama mbele ya watu akasema hakai mpaka karatasi ile ya dhulma ichanwe. Abu Jahal akapinga, na akatambua kabisa kwamba jambo lile limepangwa usiku. Alikuwa sahihi, lilipangwa! Mut'im akaenda kuichana, akakuta mchwa wameshaila isipokuwa mahali palipotajwa jina la Allah.

Katika watano wale, siku ile hakuna aliyekuwa Muislamu hata mmoja. Na Mtume (S.A.W.) hakumsahau Mut'im. Baada ya Badr alisema kwamba lau Mut'im angekuwa hai akamwombea mateka wale, angewaachia kwa ajili yake.

Tutoke Makka sasa, tuje kwetu pwani.

Ukienda Mwenge pale kwenye vinyago, utawakuta Wamakonde, na hakuna anayewauliza kwao wapi. Lakini upande wa pili wa mpaka wetu wa Horohoro, katika kaunti ya Kwale, wako Wamakonde wengine. Babu zao walitoka kaskazini ya Msumbiji wakati wa Mwingereza, wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, wengine kiwanda cha sukari cha Ramisi. Baadaye wakaongezeka waliokimbia vita. Walikata mkonge, wakachonga, wakaoana na Wadigo, wakazaa, wakazika. Ikaja Desemba 12, 1963, Kenya ikapata uhuru. Na hapa ndipo palipo na fundo la habari yote.

Katiba ya uhuru wa Kenya ilisema uraia wa moja kwa moja ni wa aliyezaliwa Kenya na ambaye angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Kenya. Wengine waliokuwa na sifa walipewa miaka miwili ya kuomba. Lisome tena sharti hilo. Halina neno baya ndani yake, wala halikuandika kwamba Wamakonde wafukuzwe. Lakini mtoto aliyezaliwa Kwale mwaka 1955, baba na mama wote wametoka Msumbiji, amedondoka nje ya uraia bila kuguswa na mtu. Na ile miaka miwili ya kuomba, nani aliyekwenda kwenye kambi ya wakata mkonge kuwasomea? Ikapita kimya. Tanganyika mwaka 1961 nasi tulikuwa na sharti kama hilo la mzazi mmoja, kwa hiyo tusicheke. Ni kweli kwamba Mwalimu Nyerere alisimama kwa ukali katika Bunge la Oktoba 1961 dhidi ya waliotaka uraia uwe wa rangi ya ngozi, na katika hilo alisema haki. Ila sharti la mzazi lilibaki katika vitabu.

Matokeo yake Kwale yalikuwa nini? Mtu bila kitambulisho Kenya hasajili laini, hana akaunti, hapati ajira rasmi, haandikishi shamba kwa jina lake, hapigi kura. Mtoto akizaliwa, cheti chake kinaanza na shida ya mzazi. Hawakufukuzwa, waliachwa waishi kama kivuli. Binafsi naona hii ndiyo dhulma ngumu zaidi kuipinga, maana haina siku wala saa iliyotokea. Aliyechomewa nyumba anajua tarehe. Huyu hana tarehe.

Mwaka 2010 Kenya ikapata Katiba mpya, na Agosti 30, 2011 ikaanza Sheria ya Uraia na Uhamiaji. Ndani yake mkafunguliwa mlango: asiye na uraia wa nchi yoyote, akiwa ameishi Kenya tangu Desemba 12, 1963, anaweza kuomba asajiliwe, na watoto wake pia. Masharti yake ni pamoja na kujua Kiswahili au lugha ya mahali pale. Wamakonde wa Kwale wakose Kiswahili! Lakini mlango ule uliwekewa saa: miaka 5, na waziri anaweza kuongeza 3. Miaka ikaanza kuyoyoma, watu wanaambiwa rudi kesho, fomu bado, maelekezo bado. Ilipofika Agosti 2016 miaka 5 ikaisha, na Wamakonde bado hawana kitu mkononi.

Ndipo wakafanya lile jambo. Oktoba 2016 mamia yao, wazee, kina mama na vijana, walitoka Kwale kuelekea Nairobi kwa matembezi ya kudai uraia. Kutoka pwani mpaka Nairobi ni karibu kilomita 500. Hawakubeba silaha. Hawakuwa peke yao pia. Walikuwa na watu wa haki za binadamu, wakiwamo wa Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya ile isiyo ya serikali, watu wenye vitambulisho vyao mfukoni, ambao usiku ule wangeweza kulala nyumbani kwao. Hao ndio kina Hisham wa habari hii. Wakafika Ikulu. Rais Uhuru Kenyatta akakutana nao, akawaomba radhi kwa kucheleweshewa, akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba kwisha. Mwanzoni mwa 2017 alikwenda mwenyewe Kwale kuvikabidhi. Wakaitwa kabila la 43 la Kenya.

Muda wa kuomba nao ukaongezwa mpaka Agosti 2019. Na ukaisha tena, na wengi wakabaki nje. Washona, ambao asili yao ni Zimbabwe, walipewa uraia Desemba 2020, watu zaidi ya 1,600. Ndugu zetu Wapemba wa Kilifi na Kwale waliendelea kungoja. Hawa ni damu ya Pemba yetu, wamekuwa wakivua pwani ile tangu miaka ya 1930, na wengine walivuka baada ya Mapinduzi ya 1964. Mvuvi bila kitambulisho hapati leseni ya kuvua, basi anakwenda baharini kama mwizi katika bahari aliyovua babu yake. Walipeleka malalamiko mpaka Bungeni. Julai 2023 Rais William Ruto aliwakabidhi hati zao huko Kilifi, jamii ya watu wapatao 7,000, wakatambuliwa kuwa Wakenya. Familia ya yule mama wa Kunduchi ingebaki Kwale, huenda siku ile angekuwa uwanjani.

Wanubi wa Kibera nawataja kwa ufupi, ingawa wanastahili darsa lao. Babu zao ni askari kutoka Sudan walioletwa na Mwingereza katika jeshi lake la KAR. Jina Kibera lenyewe limetoka katika lugha yao, maana yake msitu. Kijana wa Kinubi akitimiza miaka 18 alipelekwa mbele ya kamati ya kumhoji asili yake, wakati jirani yake wa kabila jingine anachukua kitambulisho bila kuulizwa babu. Walikwenda mbele ya kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za watoto, na Machi 2011 ikaamua kwamba Kenya imewadhulumu watoto wao. Uamuzi haukufuta mahojiano yale siku ya pili. Miaka ikapita.

Hapa tuelewane, maana najua maoni yatakayokuja. Sisemi nchi isiwe na mipaka, wala kwamba kila anayepita Horohoro apewe hati ya kusafiria. Dola ina haki ya kujua nani yuko ndani yake, na wapo wanaoghushi vyeti. Mtu amezaliwa hapa au amelelewa hapa, kazi yake hapa, makaburi ya wazazi wake hapa, na hakuna nchi nyingine inayomtambua. Huyo ukimwambia nenda kwenu, unamtuma wapi?

Tusidhani hili ni la Wakenya. Mwaka 2014 mtu mmoja, Anudo Ochieng Anudo, aliyejitambua kuwa Mtanzania na akiwa na pasi yetu, aliambiwa si raia, akapelekwa Kenya. Kenya nayo ikasema si wetu. Akabaki kwenye kipande cha ardhi kati ya vituo viwili vya mpaka, huku si kwao na kule si kwao. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapa hapa Arusha, ikaamua Machi 2018 kwamba alivuliwa uraia kinyume cha haki, na kwamba sheria yetu irekebishwe ili mtu wa namna hiyo awe na njia ya kwenda mahakamani. Novemba 2019 serikali ikatoa notisi ya kuondoa ile ruhusa ya mtu binafsi kuishitaki moja kwa moja katika mahakama hiyo. Naona hilo lilikuwa kosa.

Na uadilifu unataka tuseme na jema. Tanzania hii hii iliwapa uraia wakimbizi zaidi ya 162,000 kutoka Burundi, wale wa 1972 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na vyeti vikaanza kugawiwa 2014. Nchi chache duniani zimefanya jambo kama hilo kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo uwezo tunao.

Basi kijana wangu, kama unasoma: kudai si fitna. Suratun Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha tusimamie uadilifu hata ukituelemea sisi wenyewe au wazazi wetu. Fitna ni kughushi cheti, au kumpa mtu bahasha. Njia yako ni ya Hisham, mlango mmoja baada ya mwingine. Njoo na mama Jumamosi baada ya Alasiri. Lete kila karatasi aliyonayo, hata kadi ya kliniki aliyokuzalia wewe, hata cheti cha ndoa. Wa kwanza ni wewe. Wa pili ni mimi. Wa tatu nimempata, wakili anayeswali nasi, hatatoza kitu.

Tunatafuta wa nne. Mama alianza darasa la kwanza Kunduchi mwanzoni mwa miaka ya 1980, akichelewa umri kuliko wenzake, na watoto walimtania kwa lafudhi yake ya Kidigo. Kama wewe ni mmoja wa waliosoma naye, au mzazi wako alifundisha pale miaka hiyo, nitumie ujumbe.

Wabillahi tawfiiq.