Kodi, Pango na Kiambo: Historia Fupi ya Istilahi za Nyumba za Umma Unguja

Katika kazi ya kukusanya istilahi za makazi, tumeona kwamba neno linalowatatiza watafsiri kuliko mengine ni neno dogo la kila siku, nalo ni "kodi". Mtumishi wa serikali aliyeko Mkokotoni, makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Unguja, anapoandika kuwa mkazi fulani anadaiwa "kodi ya nyumba", msomaji ana haki ya kuuliza: anadaiwa na nani, na kwa lipi? Je, ni malipo ya kumlipa mwenye nyumba, au ni ushuru wa serikali? Mwenye kudaiwa malipo ya kwanza ni mpangaji. Mwenye kudaiwa ya pili, aghalabu, ni mmiliki. Hivyo neno moja laweza kumtoa mtu katika haki yake, au kumtia katika deni lisilo lake.

Utata huu una historia yake. Ng'ambo, ng'ambo ya pili ya hori lililoutenga Mji Mkongwe, wananchi wengi walikuwa na nyumba zao wenyewe za udongo na makuti, lakini ardhi iliyo chini ya nyumba hizo ilikuwa ya watu wengine, na nyingine ilikuwa ya wakfu. Mtu aliweza kuwa mwenye nyumba na papo hapo akawa mdaiwa wa mwenye kiwanja. Malipo hayo ya kiwanja yaliitwa kodi, na mirija mingine ya serikali ya kikoloni nayo iliitwa kodi. Wenye ardhi walipopandisha malipo katika miaka ya 1920, wakazi waliungana, na mwaka 1928 wakagoma kulipa. Mwaka huohuo, mkutano uliofanyika Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili Sanifu. Kwa hiyo lugha ya mji huo ilisanifiwa wakati ambapo mgogoro wa kodi ulikuwa ungali moto, na maana zote mbili za neno hilo zikaingia katika kamusi zetu bila ya kutenganishwa.

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, ardhi iliwekwa mikononi mwa serikali. Ndipo lilipozaliwa jina jipya: "nyumba za maendeleo". Chini ya uongozi wa Mzee Abeid Amani Karume, zilijengwa fleti za Kikwajuni na Kilimani kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki. Zikafuata nyumba ndefu za Michenzani, ambazo watu wa mjini huziita treni. Mashamba nayo hayakusahauliwa, kwani majumba ya aina hiyo yalipanda Makunduchi na Bambi. Wengi waliopewa fleti hizo, hasa waliobomolewa nyumba zao kupisha ujenzi, hawakutakiwa kulipa pango.

Jina "maendeleo" lilieleza vyema shabaha ya serikali. Hata hivyo, halikueleza nani atakayeitunza nyumba baada ya kukabidhiwa funguo. Fedha za karafuu, msaada wa nchi rafiki na nguvu za wananchi katika ujenzi wa taifa ziliweza kulisimamisha jengo. Lakini kujenga ni gharama ya mara moja, na kutunza ni gharama ya kila mwezi. Pango lilipoondolewa, hapakuwekwa neno jingine la kuutaja mchango wa kutengeneza paa, ngazi, mifereji na matangi. Maji yalipokosa kufika ghorofa za juu, ndoo zilipandishwa kwa mikono. Mkazi aliona kuwa jengo ni la serikali. Serikali nayo iliona kuwa anayelitumia ni mkazi. Baraza ya nje, ambapo mwenye nyumba wa Ng'ambo alizungumza na jirani na kuyamaliza mambo ya mtaa, haikuwamo katika ramani ya fleti. Ngazi ikawa ya wote, na kwa hiyo ikawa haina mwenyewe.

Tanzania Bara ilifuata njia nyingine. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na Msajili wa Majumba akawekwa baada ya serikali kutwaa majengo ya kupangisha mwaka 1971. Vyombo hivyo viliunganishwa mwaka 1990. Huko neno "mpangaji" lilidumu, na pamoja nalo wazo la pango la kila mwezi. Kwa sababu hiyo, mkataba ulioandikwa Dar es Salaam hauwezi kuhamishiwa Unguja neno kwa neno.

Mwaka 2010 Zanzibar ilipata sheria ya kumiliki fleti mojamoja ndani ya jengo la pamoja, na mwaka 2014 ikatungwa sheria ya kuunda Shirika la Nyumba la Zanzibar ili lisimamie nyumba za serikali. Hizi ni hatua kubwa. Lakini umiliki huo umeingia kwa jina la "kondominiamu", neno ambalo halimwambii mkazi lolote kuhusu wajibu wake. Neno "shirika", ambalo katika "mali ya shirika" lina maana ya mali ya watu kwa pamoja, lingefaa sana; ila limekwisha kushikwa na mashirika ya umma, na "sehemu za shirika" zingedhaniwa kuwa ni sehemu za Shirika.

Utaratibu wetu wa kuunda istilahi hututaka tutafute kwanza ndani ya lugha na lahaja zake kabla ya kukopa nje. Katika mashamba ya Unguja, kusini hata kaskazini kunakosemwa Kitumbatu, liko neno "kiambo". Kwa desturi, kila mtu wa ukoo ana nyumba yake na miti aliyoipanda, lakini ardhi ya kiambo haiuzwi kwa mgeni bila ya ridhaa ya wenzake, na njia na kisima hutunzwa kwa pamoja. Hilo ndilo wazo lenyewe tunalolitafuta: changu ndani ya chetu.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo:

1. "Kodi" ibaki kwa malipo ya serikali peke yake.
2. "Pango" liwe malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba.
3. "Sehemu za kiambo" ziwe ngazi, paa, uwanja na matangi ya jengo la pamoja.
4. "Mchango wa kiambo" uwe malipo ya matunzo ya sehemu hizo.
5. "Baraza la kiambo" liwe kikao cha wenye fleti, kinachokusanya mchango huo na kutoa hesabu yake.

Pendekezo la mwisho lina maana zaidi ya lugha. Mwenye kuchanga anapojua jina la anachochangia, anaweza kudai hesabu yake. Na mwenye kukusanya hawezi kuificha fedha ya paa ndani ya neno "kodi". Walimu, watafsiri na watumishi wa serikali, hasa walioko Mkokotoni na wilaya za mashamba, wanaombwa wayapime maneno haya katika kazi zao na watuletee maoni, kwani istilahi isiyokubaliwa na wanaoitumia haitamfaa mtu.