Mtoto anapocheza tumboni, moyo wake huongeza mwendo

Kifaa chenye umbo la pembe ambacho mkunga huweka juu ya tumbo la mjamzito na kutega sikio kilibuniwa na daktari Mfaransa, Adolphe Pinard, mwaka wa 1895. Hakihitaji umeme, sifa isiyo ndogo katika zahanati za mashambani. Kwacho mkunga huhesabu mapigo ya moyo wa mtoto, ambayo kwa kawaida huwa kati ya 110 na 160 kwa dakika.

Idadi hiyo haitulii mahali pamoja. Mtoto anaponyoosha miguu au kugeuka, moyo wake huenda mbio kwa muda mfupi kisha hurejea mwendo wake. Kuanzia wiki ya 32 ya mimba, ongezeko linalotazamiwa ni mapigo 15 au zaidi, kwa sekunde zisizopungua 15. Kabla ya hapo, mapigo 10 kwa sekunde 10 hutosha, kwa kuwa mfumo wa neva bado ni mchanga. Wakati mwingine moyo hutangulia kuongeza mwendo kabla kiungo hakijatikisika, ishara kwamba ubongo huviamrisha vyote viwili, wala si misuli pekee inayodai damu zaidi.

Mengi ya haya yalibainika kwa kondoo, mnyama ambaye mfugaji wa Garissa hahitaji kuelezwa habari zake. Katika miaka ya 1970, Geoffrey Dawes na wenzake wa Oxford, Uingereza, walichunguza wanakondoo wakiwa bado tumboni. Oksijeni ilipopungua, wanakondoo hao walipunguza kujitikisa, kana kwamba wanaiwekea akiba.

Hapo ndipo penye uzito kwa mjamzito wa Iftin. Mtoto akilala hutulia kwa dakika 20 hadi 40, na ni nadra kupita 90. Akipunguza kucheza kuliko alivyozoea, mama aende hospitalini siku hiyo hiyo, moyo wa mtoto ukapimwe. Dhana iliyoenea kwamba mtoto hupunguza kucheza kwa kukosa nafasi siku za kujifungua zikikaribia si sahihi. Tena kusikia mapigo pekee hakutoshi, maana moyo unaweza kuendelea kudunda ilhali mtoto yumo taabani.

Iftin ni wadi ya mjini Garissa, iliko hospitali ya rufaa ya kaunti. Anayetoka Hulugho ana safari ndefu, hivyo yampasa kuondoka mapema zaidi.