RELI YETU (3): Mto Mkondoa, Igandu na mahandaki ya Kilosa

Wapendwa, niwieni radhi nimekawia. Nilikuwa zamu ya usiku siku nne mfululizo. Tuliishia pale reli ilipofika Morogoro mwaka 1907. Leo tunapanda kuja kwetu Dodoma. Mlioniuliza kuhusu yale "mashimo" ambayo treni ya umeme inaingia na kutokea upande wa pili, jibu lenu liko humu.

Weka ramani kichwani kwanza. Kilosa iko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Dodoma imepita 1,100. Katikati ni milima. Misafara ya zamani ya Bagamoyo kwenda Ujiji ilipenya humo kwa kufuata bonde la mto Mkondoa, halafu ikavuka nyika kavu ya Marenga Mkali na kuingia Ugogo, ambako watemi walidai hongo ya nguo na shanga ndipo watu wapite na kuchota maji. (Tunawacheka bure jamani. Maji ya Ugogo yana bei mpaka leo.)

Mjerumani alipokuja na reli yake akafuata mto uleule. Reli yake ni nyembamba, mita moja tu kati ya chuma na chuma, hivyo inavumilia kona kali. Ikajikunja na Mkondoa kona kwa kona, Kidete, Godegode, mpaka Gulwe. Dodoma ilifikiwa 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914. Mahesabu yalikuwa ya Mjerumani, migongo ilikuwa ya vibarua wetu.

Kufuata mto ni rahisi siku unapojenga. Kazi inakuja baadaye. Mvua zikinyesha milimani, Mkondoa unateremka na mchanga, kitanda cha mto kinajaa, maji yanatafuta njia nyingine, na njia iliyo karibu ni tuta la reli. Mwishoni mwa 2009 kuingia 2010 mafuriko yalibeba reli kati ya Kilosa na Gulwe, na treni za abiria zikasimama kwa miezi. Mjini tulilalamika tu. Kwa mtu wa kijiji ambacho barabara yake haipitiki masika, treni ndiyo ilikuwa barabara, na ndiyo ilimleta mgonjwa hospitali.

Niliwahi kumuuguza mzee mmoja (simtaji jina, mnajua miiko ya kazi yetu) aliyefanya kazi gengi la reli ukanda huo. Alikuwa anatembea kipande chake kwa miguu na spana begani, akikagua mataruma na kukaza boliti. Anasema usiku wa mvua hulali, unasikiliza mto.

Sasa Igandu. Nimeandika aya hii nikaifuta mara mbili. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria yenye watu zaidi ya 1,200 ilishindwa kilima huku kwetu, ikaanza kurudi nyuma yenyewe, breki hazikuishika, ikaenda kugongana na treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Mimi nilikuwa shule ya msingi. Dada mkubwa aliyenifundisha kazi wodini alikuwa zamu siku ile, na hakuwahi kunisimulia zaidi ya sentensi mbili: majeruhi waliletwa mpaka vitanda vikaisha, na ndugu walikuwa wanapita kitanda hadi kitanda wakitazama nyuso. Ndo maana nikisikia mtu anaongelea "mwinuko wa reli" kama jambo la mainjinia peke yao, nanyamaza kidogo.

Treni ya umeme inakimbia mpaka kilomita 160 kwa saa. Kwa mwendo huo huwezi kufuata kona za Mkondoa, na mwinuko lazima uwe wa taratibu. Ukikutana na mlima, basi unautoboa. Hivyo kampuni ya Kituruki ya Yapı Merkezi, iliyojenga kipande cha Morogoro hadi Makutupora, ikachimba mahandaki manne wilayani Kilosa. Reli yenyewe ni pana, milimita 1,435. Safari za abiria zilifika Dodoma Julai 2024.

Uchimbaji wa mwamba ninavyouelewa, na mainjinia mnirekebishe: unatoboa matundu, unajaza baruti, unalipua, unatoa kifusi, kisha haraka unaupulizia ukuta zege kabla mlima haujalegea. Halafu unarudia, mita chache chache. Mnanijua, nikasema hii ni kama kuweka POP kwenye mfupa.

Nilipopanda mara ya kwanza nilikaa dirishani. Nje kweupe, mara giza, simu ikapoteza mtandao, mtoto wa kiti cha mbele akapiga kelele, mara kweupe tena. Dar nilifika hata saa nne hazijaisha, safari ambayo mama yangu aliilala usiku kucha.

Nilikuja kumsimulia yule mzee wa gengi alipofika kliniki. Alisikiliza mpaka mwisho, hakuuliza spidi wala nauli. Aliuliza, "Mwanangu, humo ndani mvua ikinyesha, maji wameyatolea wapi?"

Sehemu ya 4 tunavuka Bahi kwenda Manyoni. Nikitoka zamu Jumapili.